Kwa Nini Wachezaji Hawakuziamini Padi za Miondoko

Wiki ya kwanza ya Juni 2009, kampuni tatu kubwa za gemu za video zilikutana Los Angeles kwenye maonyesho ya E3, kila moja ikiwa na mpango wake wa kuusoma mwili wa mchezaji. Microsoft ilionyesha kamera iliyopewa jina la muda la Natal, ikaahidi kwamba mchezaji hatashika kitu chochote mkononi. Sony ilileta kijiti chenye tufe linalong'aa. Nintendo, ambayo Wii yake ilikuwa sokoni tangu Novemba 2006, ilikuwa inaanza kuuza kidude cha kuchomeka kwenye kitako cha rimoti, Wii MotionPlus, kwa takriban dola 20. Kati ya vyote vitatu, hicho kidude ndicho kilichosema ukweli mkubwa zaidi: rimoti ambayo mamilioni ya watu walikuwa wameipunga kwa karibu miaka mitatu haikuwahi kujua hasa mkono wao ulikuwa wapi.

Shaka ya umma juu ya padi za miondoko husimuliwa kwa namna inayowaonea wachezaji. Husemwa kwamba wapenzi wakongwe wa gemu walikuwa wavivu waliotaka kukaa kwenye kochi na kubonyeza vitufe, kwamba wageni wa Wii walivutwa na mtindo uliopita, na kwamba kila kitu kilizimika pale mtindo ulipochuja. Naliona jambo hili kwa jicho jingine. Watu hawakuchoka kujongea. Walichoka kuambiwa kwamba mashine inawaona huku wao, kwa mikono yao wenyewe, wakihisi kuwa inabahatisha. Shaka yao kwa sehemu kubwa ilikuwa kipimo sahihi cha kilichokuwa ndani ya kifaa, na kampuni zilizoisikiliza zilitengeneza vitu bora kuliko zile zilizoibeza.

Historia yenyewe ni ndefu kuliko Wii. Mwaka 1981 kampuni ya Datasoft iliuza Le Stick, kijiti chenye swichi za zebaki ndani yake. Ukikiinamisha, zebaki inatiririka, inagusanisha nyaya, na gemu inapokea amri ya kwenda upande huo. Swichi ya namna hiyo inajua kuwaka na kuzima tu; haina habari na kuinama kidogo wala kuinama sana. Mwaka 1989 ikaja Power Glove, glavu iliyouzwa na Mattel nchini Marekani kwa ajili ya konsoli ya Nintendo. Mzazi wake alikuwa DataGlove ya kampuni ya VPL Research, chombo cha maabara cha bei ya maelfu ya dola kilichosoma vidole kwa nyuzi za kupitisha mwanga. Ili kuishusha bei hiyo hadi chini ya dola 100, nyuzi za mwanga zilibadilishwa kwa wino wa kupitisha umeme ambao ukinzani wake hubadilika kidole kinapojikunja. Mahali mkono ulipo palitafutwa kwa sauti ya juu isiyosikika na sikio, iliyotoka kwenye glavu na kupokelewa na vipaza sauti vitatu vilivyowekwa kuizunguka luninga. Sauti hugonga kuta, hugonga meza, hurudi kama mwangwi. Chumba chochote cha kawaida kilitosha kuivuruga.

Hata hivyo sidhani mwangwi ndio ulioiangusha Power Glove. Karibu kila gemu iliyochezwa kwa glavu hiyo ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya padi ya vitufe. Glavu ikawa mkalimani: mkono mzima unapanda na kushuka ili kutoa amri ileile ambayo dole gumba lilikuwa linaitoa bila jasho. Mchezaji alifanya kazi zaidi, akapata kidogo zaidi. Miaka minne baadaye Sega ikarudia kosa hilo kwa sura nyingine. Activator ilikuwa pete ya pembe nane iliyowekwa sakafuni, ikirusha miale ya infraredi kuelekea darini. Mchezaji alisimama katikati, na kila alipokata mwale kwa mkono au mguu, konsoli ilihesabu kuwa kitufe kimebonyezwa. Teke lake halikuwa teke. Lilikuwa mguu uliopita mahali fulani. Na kwa kuwa miale ilitegemea kurudi kutoka juu, dari yenye taa au kioo iliharibu kila kitu. Watoto walionunuliwa vitu hivi mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 walikuwa watu wazima wakati Wii ilipotangazwa, na baadhi yao ndio waliokuwa wakiandika mapitio ya gemu magazetini. Shaka yao ilikuwa na mizizi.

Kabla ya Wii kulikuwa na mfano mmoja uliofanikiwa, nao haukumbukwi inavyostahili. EyeToy ya Sony, kamera ndogo iliyochomekwa kwenye PlayStation 2 kuanzia 2003, ilitokana na kazi ya mtafiti wake Richard Marks, na iliuzwa zaidi ya nakala milioni 10. Kamera hiyo haikujaribu kujua mkono ni upi na kichwa ni kipi. Ilichofanya zaidi ni kulinganisha picha ya sasa na iliyotangulia, kisha kuuliza: je, katika sehemu hii ya skrini kuna kitu kilichosogea? Kwa swali hilo dogo unaweza kumfanya mtoto apanguse madirisha yenye povu kwa mikono yote miwili na acheke hadi aishiwe pumzi. Chumba kikiwa na mwanga wa kutosha, jibu lilikuwa sahihi karibu kila mara, kwa sababu kifaa hakikuulizwa zaidi ya kilichoweza kujibu.

Septemba 2005, huko Tokyo, rais wa Nintendo Satoru Iwata aliinua mbele ya hadhira rimoti nyeupe ya konsoli iliyokuwa bado ikiitwa Revolution. Wengi waliitazama wakaona Power Glove nyingine. Jina la Wii lilipotolewa Aprili 2006, likapokewa kwa kejeli. Kisha konsoli ikaingia madukani Marekani kwa dola 249, ikiwa na Wii Sports ndani ya boksi, na kufikia mwisho wa maisha yake iliuzwa zaidi ya milioni 101. Kwa takwimu hiyo mtu anaweza kuwaambia wenye shaka kuwa walikosea. Walikosea kuhusu soko. Kuhusu kifaa chenyewe hawakukosea, na hapa ni lazima tuingie ndani ya rimoti.

Rimoti ya kwanza ilikuwa na vihisi vya aina mbili. Kimoja ni kamera ndogo ya infraredi iliyo kwenye pua yake, na kingine ni kipimamchapuko, chipu ya kampuni ya Analog Devices inayopima mabadiliko ya mwendo katika pande tatu. Ile fimbo nyembamba iliyowekwa mbele ya luninga, ambayo watu wengi waliidhania kuwa jicho la mashine, haikuhisi chochote. Ilikuwa na taa za infraredi tu, na kamera ya rimoti ndiyo iliyozitazama. Watu waligundua upesi kwamba mishumaa miwili inafanya kazi ileile, na kwamba jua la dirishani linaivuruga. Rimoti ikielekezwa pembeni, kamera inakosa taa, na kuanzia hapo mashine inabaki na kipimamchapuko peke yake.

Kipimamchapuko ni kama abiria aliyefumba macho ndani ya daladala. Dereva akikanyaga breki, anajua. Gari likikata kona, anajua. Lakini barabara ikinyooka na mwendo ukatulia, hawezi kusema kama wanakwenda kilomita 20 kwa saa au 80, wala kama wamefika Ubungo au wameshapita Kimara. Akitaka kujua alipo, itambidi ajumlishe kila mtikisiko tangu alipopanda: mabadiliko ya mwendo yampe mwendo, kisha mwendo umpe umbali. Kosa lolote la mwanzo linajumlishwa mara mbili. Chukua kipimo kilichokosea kwa mita 0.01 tu kwa sekunde kwa sekunde, yaani karibu sehemu moja ya elfu ya uvutano wa dunia. Baada ya sekunde 10 mashine itaamini kwamba mkono umehama nusu mita. Baada ya sekunde 20, mita 2. Mkono wenyewe haujatikisika.

Kuna tatizo baya zaidi. Kipimamchapuko hakiwezi kuutofautisha uvutano wa dunia na msukumo wa mkono. Kwake vyote ni nguvu tu. Mashine ikikosea mwelekeo wa rimoti kwa nyuzi 1, kipande cha uvutano kinaingia kwenye hesabu kikijifanya mwendo, na ndani ya sekunde 2 kosa linapita sentimita 30. Tena chipu ile ilitengenezwa kupima hadi mara 3 hivi ya uvutano, kiwango ambacho pigo la nguvu la tenisi hukivuka kwa urahisi. Katika sehemu ya pigo ambayo mchezaji anaithamini kuliko zote, mashine inajua tu kwamba kipimo kimejaa. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kuumba habari ambayo kihisi hakikuipata. Mchezaji aliyesema kwamba rimoti haimfuati hakuwa anatafuta kisingizio cha kushindwa. Alikuwa anaisoma fizikia kwa bega lake.

Ukiichunguza tenisi ya Wii Sports utaona jinsi ilivyoukwepa mtego huo. Mhusika anakimbia mwenyewe kuufuata mpira. Mashine inachotafuta ni wakati wa pigo: umewahi, umechelewa, au umelenga sawasawa, na mpira unakwenda kushoto au kulia kulingana na wakati huo. Wakati ni kitu ambacho kipimamchapuko hukijua vizuri sana. Mengine yote, yaani mkao, mzunguko wa kiuno, hatua ya kwenda mbele, mchezaji aliyaongeza mwenyewe kwa kuwa amewahi kuona tenisi. Kwa mtazamo wangu huo ni usanifu mzuri kabisa, na heshima ya waliousanifu haikupungua kwa sababu baadaye watu walitambua kwamba kutikisa kifundo cha mkono kunatosha. Ila utambuzi huo ulikuwa na gharama. Mara tu mtu alipojua kwamba anaweza kushinda akiwa amekaa, aliziangalia gemu zote za Wii kwa macho mengine.

Imani ya mwanzo ilikuwa kubwa kiasi cha kuleta hasara. Mwezi mmoja tu baada ya mauzo kuanza, rimoti zilikuwa zikichomoka mikononi na kuruka hovyo, zikipiga luninga na kuta. Desemba 2006 Nintendo ilijitolea kubadilisha kamba za kifundo cha mkono zipatazo milioni 3.2, uzi wa unene wa milimita 0.6 ukiwekwa wa milimita 1. Mwaka uliofuata jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya daktari kuhusu bega lililouma baada ya saa kadhaa za tenisi ya Wii. Hao hawakuwa watu wenye shaka. Walikuwa wameiamini rimoti kwa mwili wote, na ndiyo maana kuvunjika moyo kwao baadaye kulikuwa kukali.

Aliyevunja moyo wa wengi ni Red Steel ya Ubisoft, iliyotoka siku moja na konsoli. Kila aliyeiona rimoti ile alikuwa amewaza upanga, na Red Steel iliahidi upanga. Mchezaji alipokata hewa, gemu ilichagua moja ya mapigo machache yaliyorekodiwa na kulionyesha kwa kuchelewa kidogo. Upanga wa kwenye skrini ulikuwa na maisha yake. Ubisoft iliporudi na Red Steel 2 mwaka 2010, ililazimisha matumizi ya MotionPlus, na tofauti ilihisika.

Kilichokuwa ndani ya MotionPlus ni jairoskopu, kihisi kinachopima kasi ya kugeuka. Hesabu yake hujumlishwa mara moja tu ili kupata pembe, kwa hiyo kosa hukua polepole. Uvutano, uliokuwa adui, hapa hugeuka msaidizi: mkono ukitulia, unaonyesha chini ni wapi, na kuinama kwa rimoti kunarekebishwa. Lakini uvutano hauna la kusema kuhusu kushoto na kulia. Upande huo hubaki bila shahidi na huhama taratibu. Hata The Legend of Zelda: Skyward Sword ya Novemba 2011, gemu iliyoujenga ulimwengu wake wote juu ya upanga unaoufuata mkono, ilimlazimu mchezaji kila mara kuielekeza rimoti katikati ya skrini na kuipanga upya. Wako walioipenda kwa dhati na wako waliochukia kila dakika yake. Iliporudi kwenye Switch mwaka 2021 iliwapa wachezaji njia ya kutumia vitufe badala ya kupunga, na huo ndio uungwana: anayetaka kupunga apunge, asiyetaka asilazimishwe.

Kulazimisha ndiko kulikoiponza Sony mapema zaidi. Mei 2006 ilitangaza Sixaxis, padi ya PlayStation 3 yenye vihisi vya miondoko, miezi michache baada ya rimoti ya Nintendo kuonekana, na watu hawakuhitaji kuambiwa msukumo umetoka wapi. Padi hiyo haikuwa na mtetemo. Sony ilieleza kwamba mtetemo ungevuruga vihisi. Immersion, kampuni iliyokuwa ikivutana nayo mahakamani juu ya hataza za mtetemo, ilisema tatizo hilo linatatulika. Kesi ilimalizwa kwa maelewano Machi 2007, na mwaka huohuo DualShock 3 ikatoka ikiwa na vyote viwili. Kati ya matukio hayo ikaja Lair, gemu ya kurusha joka kwa kuinamisha padi, bila njia nyingine. Wahakiki waliiponda, na mwaka 2008 programu yake ikafanyiwa marekebisho ili joka liendeshwe kwa vijiti vya kawaida. Mtu aliyefuatilia sakata hilo alikuwa na haki ya kutoamini neno la kampuni lisiloambatana na padi mkononi.

Kijiti cha PlayStation Move, kilichouzwa kuanzia Septemba 2010, kilistahili kupokewa vizuri zaidi. Waliokibuni waliyaelewa matatizo yote niliyoyataja. Tufe lake linang'aa kwa rangi inayochaguliwa ili isifanane na vitu vilivyomo chumbani. Kamera inajua ukubwa halisi wa tufe, kwa hiyo likionekana dogo inajua liko mbali na likionekana kubwa inajua liko karibu. Ndani kuna kipimamchapuko, jairoskopu na dira ya sumaku ya kutoa ushahidi wa upande ule uliokosa shahidi. Kwa usahihi kilizishinda rimoti za Wii kwa mbali. Kilichokosekana ni gemu zilizohitaji usahihi huo. Kilinunuliwa pamoja na kamera kama nyongeza ya konsoli ambayo watu walikuwa nayo tayari kwa ajili ya kazi nyingine, na watengenezaji hawakuwa na sababu ya kuandika gemu kwa ajili ya wachache waliokinunua.

Kinect, jina ambalo Natal iliuzwa nalo kuanzia Novemba 2010 kwa dola 150, ni sura ya pekee, kwa sababu humo ubora wa sayansi na udhaifu wa bidhaa vinakutana. Teknolojia ya kupima kina ilitoka kampuni ya PrimeSense ya Israeli. Kifaa kinarusha chumbani madoa mengi ya infraredi yasiyoonekana, kamera inatazama jinsi madoa hayo yanavyohama yakigonga kitu, na kutokana na kuhama huko inahesabiwa ramani ya umbali. Kazi ya kuutambua mwili ndani ya ramani hiyo ilifanywa na watafiti wa Microsoft mjini Cambridge, Uingereza, wakiongozwa na Jamie Shotton. Waliifundisha kompyuta kwa picha zipatazo milioni moja, nyingi zikiwa zimetengenezwa na kompyuta yenyewe kutokana na miondoko ya watu halisi, hadi ikaweza kukitaja kila kidoa cha picha kuwa ni sehemu fulani kati ya 31 za mwili. Ilifanya hivyo kwa kila picha bila kutegemea iliyopita, kwa hiyo ikipotea kwa sekunde moja hujirekebisha sekunde ifuatayo. Nasema bila kusita kwamba ni moja ya kazi bora za utambuzi wa picha za zama zake.

Lakini picha hizo zilikuja 30 kwa sekunde, na kila hatua iliongeza kuchelewa kwake: kamera, hesabu, gemu, luninga. Jumla mara nyingi ilizidi sehemu ya kumi ya sekunde, muda ambao mtu aliyezoea kitufe anauhisi mara moja. Hesabu ilifanywa na kichakataji cha konsoli yenyewe, hivyo gemu ilinyang'anywa nguvu. Vidole havikuonekana. Na hakukuwa na kitufe, jambo lililotangazwa kama ukombozi. Bila kitufe, kuchagua kitu kwenye menyu kulimaanisha kuuning'iniza mkono hewani juu yake na kusubiri. Fikiria kazi ambayo dole gumba huifanya bila kufikiri, sasa inahitaji bega na subira. Microsoft iliuza milioni 8 katika siku 60 za kwanza, rekodi iliyoingia kwenye kitabu cha Guinness, na kasi hiyo ya mauzo ilificha kwa muda ukweli kwamba mtu anaweza kununua kitu kwa ajili ya ahadi na kukiweka kando kwa ajili ya uzoefu.

Nafasi nayo ilikuwa kikwazo ambacho waliobuni kifaa hicho hawakukipa uzito. Kinect ilihitaji karibu mita 1.8 za sakafu tupu mbele ya luninga kwa mchezaji mmoja, na mita 2.4 kwa wawili. Nyumba nyingi za Tokyo na London hazina sebule hiyo. Vibanda vya gemu vya Dar es Salaam na Nairobi, ambako benchi liko hatua mbili kutoka kwenye skrini na vijana wanapokezana padi kwa mechi ya mpira, haviwezi kuitoa kabisa. Kifaa kilichopimwa kwa sebule ya kitongoji cha Marekani kilikuwa kimeshachagua wateja wake kabla hakijafika dukani.

Swali la ngozi linatuhusu moja kwa moja, nalo linahitaji uangalifu. Siku za mwanzo, tovuti ya GameSpot iliripoti kuwa baadhi ya wafanyakazi wake wenye ngozi nyeusi hawakutambuliwa na Kinect walipotaka kuingia kwa sura zao. Jarida la Consumer Reports lilifanya jaribio lake na kueleza kuwa chanzo ni mwanga hafifu, uliowakwamisha wa rangi zote. Kiufundi, kuufuata mwili kulitegemea infraredi na umbali, si rangi. Kuitambua sura kulitegemea kamera ya kawaida, na kamera ya kawaida katika giza huipoteza kwanza sura yenye kurudisha mwanga kidogo. Kwa hiyo maelezo hayo mawili hayapingani kama yalivyofanywa yapingane. Kifaa kinachodai kumjua mwenye nyumba kinapaswa kumjua kwa mwanga wa nyumba hiyo, na aliyeuliza swali hilo mapema alifanya kazi ambayo kampuni ilipaswa kuifanya.

Gemu iliyoielewa Kinect ni Dance Central ya Harmonix. Katika dansi, wimbo unatangulia na mchezaji anajua kinachokuja. Mashine inachotakiwa ni kupima baadaye kama mwili ulifika pale ulipotakiwa, kwa hiyo kuchelewa hakumdhuru mtu. Isiyoielewa ni Steel Battalion: Heavy Armor ya 2012, iliyomweka mchezaji ndani ya kifaru cha kivita na kumtaka avute na kusukuma vyombo kwa ishara za mikono huku maadui wakifyatua risasi. Mashine ilipoisoma ishara moja kuwa nyingine, mchezaji alikufa. Kadhalika Milo, mtoto wa kidijitali aliyeonyeshwa na msanifu wa gemu Peter Molyneux mwaka 2009 akizungumza na binadamu kana kwamba anamsikia na kumwelewa, hakuwahi kuuzwa. Maonyesho ya namna hiyo yaliiumiza Kinect kuliko mshindani yeyote, kwani yaliweka kichwani mwa watu kipimo ambacho kihisi hakikuweza kukifikia.

Mei 2013 shaka ikageuka sura. Microsoft ilitangaza Xbox One ikiwa na Kinect mpya ambayo ilikuwa lazima iunganishwe ili konsoli ifanye kazi, na ambayo maikrofoni yake ilisubiri amri hata konsoli ikiwa imelala. Wiki mbili baadaye nyaraka za siri za ujasusi wa Marekani zilizovujishwa na Edward Snowden zikaanza kuchapishwa, na Microsoft ikatajwa miongoni mwa kampuni za mpango wa upelelezi wa Prism. Kampuni ilikanusha kuipa serikali mlango wa moja kwa moja. Kwa mtu aliyetakiwa kuweka kamera isiyozimika sebuleni, kukanusha huko hakukutosha, na sioni kwa nini kungetosha. Agosti ikatangazwa kwamba konsoli itafanya kazi hata bila kamera. Novemba ikauzwa kwa dola 499, dola 100 zaidi ya PlayStation 4. Juni 2014 ikaanza kuuzwa bila Kinect kwa dola 399, na watengenezaji wa gemu wakarudishiwa sehemu ya kumi ya nguvu za michoro iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya kamera. Oktoba 2017 ikathibitishwa kuwa Kinect haitengenezwi tena. PrimeSense ilikuwa imenunuliwa na Apple tangu 2013, na mwaka huohuo wa 2017 iPhone X ikatoka na mfumo wa kuitambua sura kwa madoa ya infraredi, ukikaa umbali wa mkono mmoja kutoka usoni badala ya kuvuka sebule nzima.

Shaka hiyo ilienda mbali zaidi ya vyumba vya kuchezea. Hospitali nyingi ziliichukua Wii kwa ajili ya mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi, na tafiti ndogo za mwanzo zilitia matumaini. Mwaka 2016 jarida la Lancet Neurology lilichapisha jaribio lenye wagonjwa 141: nusu walicheza Wii, nusu walicheza michezo ya kawaida kama karata na kutupiana mpira, wote juu ya tiba yao ya kawaida. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti ya maana kati yao. Kwa hospitali yenye fedha chache hiyo ni habari njema sana, kwani karata zinapatikana popote.

Walioshuku walikosea pale walipodai kwamba miondoko yenyewe ni upuuzi. Jairoskopu ambayo haikuweza kuwa upanga imekuwa chombo bora cha kulenga. Katika gemu ya Splatoon ya 2015 kijiti kinafanya mgeuko mkubwa na mikono inamalizia kwa kuinamisha padi kidogo. Kosa la kuhama halionekani, maana mchezaji anaangalia skrini na kujirekebisha mwenyewe kila nukta. Upinde wa Breath of the Wild ulifuata njia hiyo mwaka 2017. Kijana wa Kariakoo anayeinamisha simu ili gari likate kona kwenye gemu anautumia uvutano uleule uliowatesa watengenezaji wa Wii, safari hii ukiulizwa swali unaloliweza. Na katika miwani ya uhalisia pepe tatizo la mahali mkono ulipo lilitatuliwa kwa kuacha kumtegemea abiria aliyefumba macho: kuanzia 2016 vituo vya leza vya HTC Vive vilifagia chumba kwa miale, na mwaka 2019 Oculus Quest ikaweka kamera kwenye miwani yenyewe ili zizitazame padi. Kipimamchapuko na jairoskopu huziba pengo la sehemu ndogo ya sekunde kati ya picha na picha, kisha kamera inakuja kusahihisha kabla kosa halijakua. Mkono ukienda nyuma ya mgongo, kamera hizo hazioni, na kubahatisha kunaanza tena.

Jambo moja halijapata jibu kwa bei ya nyumbani, nalo ni ukinzani. Upanga wa kwenye skrini ukigonga ngao unasimama. Mkono wa mchezaji unaendelea, kwani hakuna kinachouzuia. Kuanzia hapo mkono na upanga viko mahali pawili, na hakuna usahihi wa kihisi unaoweza kuvirudisha pamoja. Mtetemo hutoa ishara kwamba kuna kilichoguswa, lakini hausukumi. Waliotengeneza gemu ya Beat Saber walilipita tatizo hilo kwa kuchagua panga za mwanga na vipande vinavyokatika bila kugoma, kiasi kwamba mkono hauna pa kusimama. Anayetaka kutengeneza gemu ya mieleka, au ya kupiga kasia dhidi ya maji mazito, bado hana pa kuanzia.